Siku Kipoyi cha Tubebane Kilipogeuzwa

Ukifika Kingi, kijiji cha milimani Masisi, na mgonjwa asiyeweza kutembea, usipoteze muda kuuliza gari. Gari halipandi kule. Uliza kwa Papa Grégoire Nzabonimpa, kapita, yaani msimamizi, wa kikundi cha Tubebane, na kabla hujamaliza swali mtu atakuwa ameshaanza kupiga filimbi kuita wabebaji.

Papa Grégoire ni mtu wa miaka hamsini na kidogo, mrefu, mwenye maneno machache na bega la kulia lililoota sugu kama kisigino. Alizaliwa Nyamitaba, katika ukoo wa wafugaji. Ng'ombe wa baba yake walikuwa na majina ya kusifiwa, na yeye aliyajua yote kabla ya kujua hesabu ya shule. Vita vilikuja, vikaenda, vikarudi, na ng'ombe wakabaki wachache. Alipomwoa Mama Solange, binti wa walima maharagi wa Kingi, alishuka na ng'ombe wake waliosalia akajenga karibu na wakwe. Ndugu zake wa Nyamitaba walimcheka kwamba amefuata harufu ya maharagi. Aliwajibu kwamba maharagi ni chakula na maziwa ni chakula, lakini yakikutana kwenye nyumba moja ni sikukuu. Mpaka leo kila asubuhi hubeba bidoni ya maziwa hadi Masisi centre, akauza, akarudi kwa miguu. Ndiyo maana njia ile anaijua kwa nyayo, jiwe kwa jiwe.

Tubebane yenyewe si shirika lenye kibao cha rangi barabarani. Ni nyumba za Kingi zilizopatana, tangu siku za baba zao, kwamba hakuna mgonjwa wa kijiji atakayekufa kwa kukosa mabega. Wamo wafugaji waliotoka milima ya juu, na wamo wenyeji wanaolima maharagi na mihogo kwenye miteremko hii tangu zamani. Wamo Wakatoliki, Waprotestanti na Waadventista. Mgonjwa haulizwi kabila wala kanisa, na familia yake hailipi kitu. Kipoyi, ile machela ya kubebea mgonjwa mabegani, nacho hakinunuliwi. Mianzi hukatwa msituni, na kila nyumba huleta kamba yake moja ya kusukia, hata nyumba ya mjane, hata ya mhamiaji aliyefika juzi. Kipoyi kikishasukwa, hakuna mtu anayeweza kusema ni cha fulani.

Anayetaka kuingia katika kikundi hutakiwa kwanza alale yeye mwenyewe. Hubebwa mzima mzima kutoka kanisani hadi mtoni, na kurudi, ili ajue mgonjwa huona nini. Grégoire siku yake aliona mawingu yakikimbia na matawi yakimjia usoni. Njia ilipoinama, damu ilimjaa kichwani, akaomba ashushwe. Walimnyima. Tangu siku hiyo hajawahi kumwambia mgonjwa, “Vumilia.”

Jumapili baada ya ibada, Tubebane hukutana uani kwa kapita. Hupanga nani ana zamu juma linalofuata, nani wa kulimiwa shamba kwa sababu mumewe amelazwa, nyumba ya nani inavuja. Halafu hula. Bwana wa vyungu, ingawa ni mwanamke, alikuwa Mama Adelaïde, mke wa Papa Rukundo, mlima maharagi mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kugawa. Wafugaji hunywa mashanza, yale maziwa mazito yaliyoganda, na wakulima hunywa kasiksi, pombe ya ndizi, na utani huanza. Mchokozi mkubwa ni Nshimiyimana, mkulima, mbebaji wa mbele wa siku zote. Yeye hudai kwamba mabega ya watu wa maziwa ni siagi, jua likiwaka yanayeyuka na mgonjwa anabaki njiani. Grégoire humjibu polepole kwamba mtu wa maharagi hahitaji filimbi, mgonjwa humsikia akija kwa upepo wake. Hapo hata mapadri wanaopita husimama kucheka.

Lakini iko sheria moja ambayo Tubebane haikuifanyia utani. Aliye hai hutangulizwa kichwa. Marehemu hutangulizwa miguu. Hakuna aliyeiandika, na hakuna mtoto wa mlima ule asiyeijua. Mtu akiwa shambani akaona kipoyi kinapita, hutazama kwanza upande wa mbele. Akiona kichwa, husimama na kuuliza, “Ni nani, tumuombee?” Akiona miguu, huweka jembe chini, huvua kofia, na hanyanyui jembe tena siku ile.

Mwaka huu, mvua za maharagi zilipokuwa zimeshika, Mama Adelaïde aliamka na maumivu ya tumbo upande wa kulia. Alidhani ni chakula, akaenda kulima. Alirudishwa na wanawake wenzake akiwa amejikunja. Mumewe, Papa Rukundo, hakuwepo. Alikuwa ameenda Mpofi, huko Walikale, kuuza maharagi na kununua mafuta ya mawese. Mganga wa kituo cha afya alimbonyeza tumbo mara moja tu, akasema huyu ni wa hospitali ya Masisi centre, ni wa kupasuliwa, na si wa kesho.

Filimbi ikapigwa. Grégoire alishika mti wa nyuma, Nshimiyimana wa mbele, wengine wawili wakajaza pembe, na wengine wakafuata kwa kupokezana. Natacha, binti mkubwa wa mgonjwa, alifuata na blanketi na sufuria, akasahau simu yake nyumbani. Mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Wakamfunika mgonjwa kwa bashi ya plastiki, kuanzia kifuani hadi juu ya uso, wakiacha nafasi ya pumzi.

Kutoka Kingi njia hupanda hadi mgongo wa mlima unaoitwa Rutare, kisha huteremka kwa ukali hadi mtoni. Kupanda hakukuwa na shida. Shida ilianza kwenye mteremko. Siku za ukavu, wabebaji wa mbele huinua miti kwa mikono juu ya vichwa vyao ili kipoyi kibaki sawa, kichwa cha mgonjwa kisiwe chini. Siku ile matope yalikuwa ya magoti. Nshimiyimana alijaribu kuinua, akateleza, akapiga goti. Kichwa cha Mama Adelaïde kikashuka chini ya miguu yake. Akaanza kutapika, na matapishi yakawa hayatoki, yanarudi kooni. Natacha alipofunua bashi, uso wa mama yake ulikuwa umebadilika rangi.

Grégoire akasema wamshushe. Akamlaza ubavu, akamsafisha mdomo kwa kidole na maji ya mvua. Kisha akawaambia wageuze kipoyi, miguu itangulie, kichwa kibaki juu.

Wote wakamtazama. Nshimiyimana, ambaye hakuwahi kukosa mzaha, alikosa siku ile.

“Kapita, tukimugeuza hivi, watu watasema nini?”

“Watasema byenye wanataka,” Grégoire alijibu. “Huyu mama iko anakunywa matapishi yake. Mugeuze.”

Wakageuza. Wakamfunika tena kwa sababu ya mvua, wakateremka kimya, kwani kwenye Rutare hakuna mwenye pumzi ya kuongea. Mama Adelaïde akaanza kupumua vizuri.

Kando ya njia ile, juu kabisa ya Rutare, anaishi Koko Mukasine. Ni mjane mzee, mama wa nyumba nyingi, aliyepokea watoto wa nusu ya Kingi kwa mikono yake kabla kituo cha afya hakijajengwa. Neno lake ni zito. Alikuwa ametoka kuangalia mifereji ya shamba lake, na kutoka pale aliona kipoyi cha Tubebane kikishuka: miguu mbele, bashi hadi usoni, wanaume hawaongei, na Natacha nyuma analia. Angesoma nini kingine? Aliweka jembe chini. Akashika kichwa, akatoa kilio kile ambacho milima hupokezana. Kisha akatoa simu yake ndogo kwenye kitambaa alichofunga kiunoni, akampigia shemeji wa Papa Rukundo. Kipoyi hakijavuka mto, Kingi yote ilikuwa imejua kwamba Mama Adelaïde amefia njiani. Na kabla ya adhuhuri, habari ilikuwa imefika Mpofi.

Hospitalini walimpokea mgonjwa wakamwingiza moja kwa moja. Ilitakiwa damu. Wabebaji wote wakakunja mikono ya mashati yenye matope. Ya Nshimiyimana ikakubaliwa, na ya wenzake wawili. Ya Grégoire ikaonekana haiingiliani. Nshimiyimana, akiwa amelala na sindano mkononi, akamwambia kwamba sasa amejua, mwilini mwa mtu wa Nyamitaba hakuna damu, ni maziwa tu. Grégoire alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Daktari alipotoka akasema mama atapona, Grégoire aliona aende Kingi upesi alete chakula na nguo kavu. Simu yake ilikuwa imekunywa maji, haiwaki. Akajitwika kipoyi kitupu kichwani, akarudi peke yake, na moyo wake ulikuwa mwepesi kama mtu anayetoka harusini.

Alipokaribia nyumba ya Papa Rukundo aliona moshi mwingi. Aliona mabenchi ya kanisa yamepangwa uani, bashi kubwa imefungwa kwenye miti, wanaume wamekaa wameshika mashavu, wanawake wanalia kwa zamu. Vyungu vya maharagi vilikuwa motoni, mikungu ya ndizi imeegemezwa ukutani, bidoni za maziwa zimejaa. Yalikuwa matanga makubwa, ya kumfaa mtu anayependwa. Akajiuliza ni nani amekufa wakati yeye hayupo. Nao walipomwona amejitwika kipoyi kitupu, kilio kikapanda upya.

“Muko munalia nani?” akauliza.

Mama Solange, mkewe, alimsogelea na maji ya kunawa, akamwambia kwa upole wa kumsemesha mgonjwa kwamba anawe, akae, apumzike, si kosa lake, Mungu ametoa na Mungu ametwaa. Grégoire akauliza tena. Walipomtajia jina la Mama Adelaïde, akasema yuko hai, ametoka kupasuliwa, anahitaji kitenge na uji. Watu wakatazamana. Yule shemeji wa Papa Rukundo akamshika bega, akawaambia wengine kwamba Papa Grégoire amembeba mbali mno, akili yake imechoka. Mchungaji akaanza kumwombea. Kadiri alivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kumhurumia, na mama mmoja alimletea kikombe cha mashanza, akamshika kichwa ili anywe.

Hatimaye Mama Solange, aliyemjua mumewe kuliko maombi yale, alichukua simu ya jirani akampigia Nshimiyimana, aliyebaki hospitalini, akaiweka kwenye sauti kubwa. Ililia sana kabla ya kupokelewa. Alimuuliza maiti iko wapi.

“Maiti gani?” ikatoka sauti ya Nshimiyimana. “Nani amekufa? Mama Adelaïde ameamuka saa hii. Anauliza kama mbuzi imefungwa, ao mumeiacha inakula mihogo yake.”

Kila mtu pale alimjua yule mbuzi, na alijua hakuna mwanamke mwingine duniani ambaye angemuulizia kwanza. Mtu mmoja akaanza kucheka huku machozi yakimtoka. Kisha wote. Kijana mmoja alikimbia kuangalia mbuzi. Alimkuta kwenye mihogo.

Chakula kilichopikwa kwa ajili ya matanga hakirudishwi nyumbani kilikotoka. Hata Koko Mukasine hangeruhusu. Basi wanawake wa Tubebane walijitwika vyungu na mikungu, wakapanda Rutare, wakavipeleka hospitalini, ambako kila mgonjwa hula alicholetewa na jamaa zake. Walikuta wamo waliotoka mbali ambao hawakuwa na wa kuwaletea. Wakawapakulia wote. Tangu siku ile, kila Jumamosi chungu cha Kingi hupanda mlima kwenda kwa wasio na jamaa, na hakuna aliyepitisha azimio. Kiliendelea tu kwenda.

Papa Rukundo alifika jioni kwa pikipiki kutoka Mpofi. Alipita Masisi centre, akapita mlango wa hospitali ile ile alimolala mkewe, hakugeuza hata shingo, kwa kuwa aliyekuwa akimfuata, kwa alivyoambiwa, alikuwa anamngoja Kingi kwenye mkeka. Alikuwa amenunua kitambaa cheupe cha sanda njiani. Alipoambiwa yuko hai, alikaa chini kwenye matope. Kisha akamtazama Grégoire aliyekuwa amesimama mbele yake.

“Umeniua leo, Papa Grégoire,” akasema, “na mimi ndiye niko hai.”

Alipanda pikipiki tena, akarudi alikotoka, safari hii kumwona mkewe. Grégoire alikuwa amejiandaa kwa hasira. Yale maneno matulivu ndiyo yaliyomkosesha usingizi.

Furaha ya siku ile ilikwisha, na deni likabaki. Koko Mukasine alikuja Jumapili kwenye kikao akitegemea fimbo, naye hakuwa na kawaida ya kuhudhuria. Alisema anamshukuru Mungu kwa Adelaïde, ambaye alimpokea yeye mwenyewe kutoka tumboni mwa mama yake. Alisema hana ugomvi na Grégoire. Lakini kipoyi kile kimetangulizwa miguu na mtu akaliliwa. Kimeonja mauti. Mgonjwa hawezi tena kulala humo. Kichomwe, kisukwe kingine, na anayekisimamia awe mtu mwingine, asiyegeuza desturi kwa amri ya siku moja.

Grégoire aliwajibu kwa maneno machache, kama kawaida yake. Alisema jambo moja hatalijutia, na moja analijutia. Kugeuza hatajuta, maana asingegeuza, kilio cha Koko Mukasine kingekuwa cha kweli. Anachojutia ni kupita kimya. Alikuwa akifikiria mgonjwa tu, akasahau kwamba na njia ina macho. Mtu angetangulia mbele akawaambia watu yuko hai, Papa Rukundo asingelia sokoni Mpofi mbele ya wateja wake.

Kikundi kikagawanyika. Wafugaji na wakulima hawakugawanyika kwa kabila, jambo ambalo Grégoire alilishukuru kimoyomoyo. Waligawanyika kwa woga. Waliobeba siku ile walisema kipoyi hakina kosa. Waliolia siku ile walisema hawatalala humo. Wakakubaliana kungoja. Mgonjwa atakayekuja akilala humo kwa hiari, kipoyi kitabaki na kapita atabaki. Akikataa, kitachomwa.

Hawakungoja sana. Baba yake Nshimiyimana, mzee aliyevimba mguu kwa jipu, alizidiwa. Filimbi ikapigwa, kipoyi kikaletwa mlangoni kwake. Mzee alikitazama. Akauliza kama ni kile. Mwanawe hakuweza kumdanganya. Mzee akageuza uso ukutani akasema afadhali aozee kitandani kwake kuliko kulala kwenye njia ya wafu. Walimbembeleza, akawaambia waondoke na kile kitu chao, harufu yake anaisikia hata kipo nje. Nshimiyimana alirudi na kipoyi kwa kapita bila kusema neno, na yeye alikuwa ndiye mtu wa kusema. Damu yake ilikuwa mwilini mwa Mama Adelaïde, na bado hakuweza kumfikisha baba yake mwenyewe hospitalini.

Jioni ile Grégoire alikusanya kuni uani. Mama Solange alimkuta ameziweka karibu na kipoyi, anazigusa kamba moja moja: hii ya kwa Rukundo, hii ya kwa yule mjane, hii ya mhamiaji aliyekwisha kurudi kwao. Akamwambia kwamba kesho Mama Adelaïde anaruhusiwa kutoka, na kuni haziozi kwa usiku mmoja.

Papa Rukundo alikuwa amelipia pikipiki ya kumrudisha mkewe. Mama Adelaïde aliitazama ile pikipiki, akatazama barabara yenye mashimo, akashika kidonda chake. Natacha alikuwa amekwisha kumsimulia yote, tangu kilio hadi mzee mwenye jipu mguuni. Akasema hapandi. Akamwambia mumewe apige simu Kingi, waje na kipoyi, kile kile, na kapita aje mwenyewe. Papa Rukundo akajaribu kumkumbusha watu wanavyokisema kipoyi kile.

“Njo maana nakitaka,” alijibu. “Wanasema kimenibeba maiti. Basi kiwabebee maiti yenye kuongea.”

Wakaja. Alipolala aliwaamuru wamweke mito mgongoni, akae nusu, uso wazi. Mvua ilikuwa imepumzika. Walishuka hadi mtoni, wakavuka, wakapanda Rutare kichwa kikiwa mbele kama desturi inavyotaka, na kila nyumba waliyopita aliwaita wenyewe kwa majina. Kwa huyu aliuliza kama ndizi za matanga zilikuwa tamu. Kwa yule alisema amesikia alilia vizuri kuliko wote, na kwamba siku ya kweli ikifika asilegeze. Watu walitoka wakicheka kwa haya. Wengine wakaanza kufuata nyuma. Walipofika juu ya Rutare, njia ilipoanza kuteremkia Kingi, karibu kabisa na ua wa Koko Mukasine, akainua mkono.

“Kapita, hapa pananiinamisha. Unigeuze.”

Wabebaji wakasimama. Grégoire alimuuliza kwa sauti ndogo kama ana hakika. Mito ilikuwa inatosha, angefika vizuri tu. Akamjibu kwamba safari hii anayemgeuza ni yeye mwenyewe, si mteremko. Basi akatoa amri, na mbele ya macho ya watu wote wa njia ile, kipoyi kikageuka, miguu ya Mama Adelaïde ikaelekea Kingi.

Koko Mukasine alikuwa amesimama mlangoni kwake. Mama Adelaïde alimwamkia kwanza, kama mtoto anavyopaswa, akamwita mama yake aliyempokea.

“Koko, ulinilia,” akasema. “Aksanti. Nimejua nitaliliwa. Sasa uniangalie vizuri: miguu iko mbele, na mimi niko nakusalimia. Ni kipoyi gani kinaweza kunipita nguvu?”

Grégoire aliusikia mti ukimbana begani lakini hakusogea. Kisha Koko Mukasine akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha mashanza, akamnywesha mgonjwa kwa mkono wake. Akafuta kibuyu kwa kanga yake. Akamgeukia Grégoire, akamwambia kwamba desturi iliwekwa ili watu wajue nani yuko hai na nani ameondoka, wasilie bure na wasikose kulia. Siku ile njia ilidanganywa kwa sababu ilikosa mdomo. Alisema yeye ni mzee, lakini mdomo anao.

Akatangulia mbele ya kipoyi. Alishuka polepole, fimbo ikipima matope, na wabebaji wakalazimika kwenda mwendo wake, magoti yakiwauma. Kila nyumba aliyoifikia alisimama, akatangaza kwa sauti ile ile iliyopeleka kilio hadi Mpofi:

“Yuko hai. Mumwamkie.”

Na watu wakamwamkia. Wengine walikuwa wameanza kuvua kofia, wakazirudisha.

Walipita hivyo mbele ya nyumba ya Nshimiyimana. Baba yake, yule mzee mwenye jipu, alikuwa ametolewa akae juani, mguu wake umefungwa majani. Aliisikia sauti ya Koko Mukasine kabla ya kumwona. Aliona miguu, akaona na uso juu ya miguu, ukicheka, ukimuuliza kama jipu lake limepata mchumba. Walipokuwa wamempita, alimwita mwanawe, na Nshimiyimana akaachia mti wa mbele kwa mwenzake, akamwendea baba yake akachuchumaa.

Aliporudi kwenye kundi alikuwa amepata tena sauti yake. Alimwambia Grégoire kwamba watu wa maziwa wasidhani wamemaliza kazi ya leo. Wakimshusha mama huyu, wasiketi, wasinywe, wageuze njia. Baba yake anasema yuko tayari, ila kwa sharti moja.

Grégoire akauliza ni sharti gani.

“Anasema yeye si mwanamke wa kukaa kwa mito. Mumulaze vizuri, na kichwa chake mukielekeze kule njia inataka.”

Walimfikisha Mama Adelaïde kitandani kwake, na mumewe akafunga mlango ili alale. Wabebaji walikunywa maji wakiwa wamesimama. Papa Grégoire alibadilisha bega, akatoa kitambaa kikavu akakikunja juu ya lile lenye sugu, na wote wakamlaza yule mzee kwenye kipoyi kile kile, wakapandisha tena njia, Koko Mukasine akiwa mbele, akiwaambia wasimharakishe.